Chumba cha Rubani Kwenye Stoo ya Mbweni

Swali la kwanza ninaloulizwa kila nikiitaja ndege yangu ni la pesa, kwa hiyo tulimalize mapema. Kwa kipimo cha elfu kumi za chakula kwa siku, kiti kilikula siku nne za boom, bodi ya Arduino siku tatu, plaiwudi siku saba, na runinga ya mtumba ya inchi 32 siku kumi na nane. Vidude vingine vyote, yaani bomba za PVC, skrubu, beringi, waya, swichi na potensiometa, havikuzidi siku sita. Jumla ni siku 38 za boom. Sikulala njaa kwa sababu naishi kwa mama mkubwa Mbweni, na ubwabwa wake hauhitaji saini ya mtu. Wewe unayepanga geto usijaribu hesabu hii kabla hujalipa kodi.

Kompyuta nilikuwa nayo tayari. Programu ni FlightGear, ya bure kabisa, na msimbo wake uko wazi kwa anayetaka kuuchungulia. Ndege niliyochagua ni Cessna 172, ile ya viti vinne ambayo vyuo vingi vya urubani duniani huanzia nayo. Kilichokosekana ni chumba cha rubani chenyewe: mahali pa kukaa, usukani wa kushika na kitu cha kukanyaga. Wenzangu waliniambia kuna vijiti vya kuchezea vya dukani, nunua kimoja umalize. Kweli vipo. Lakini mimi nasoma uhandisi, niko mwaka wa tatu, na nilikuwa nimefaulu somo la vihisi na vipimo bila kuwahi kushika kihisi hata kimoja kwa mkono wangu. Jambo hilo lilikuwa linanikera kuliko nilivyokiri kwa watu.

Kiti nilikipata Gerezani, kimetoka kwenye gari dogo lililokatwa. Kulisafirisha dude lile hadi Mbweni kwa daladala ni habari ya siku nyingine. Konda alinilipisha nauli ya watu wawili na sikuona sababu ya kubishana. Fundi seremala wa mtaani alinikatia plaiwudi kwa vipimo vyangu, na hapo ndipo nilipofanya kosa la kwanza. Nilianza na meza, kiti kikafuata. Anza na kiti. Kaa, nyoosha miguu mpaka magoti yabaki yamekunjwa kidogo, viwiko viwe karibu na mbavu, kisha mwambie mtu apime urefu wa macho yako kutoka sakafuni. Skrini, usukani na pedali vyote vinafuata macho yako na viungo vyako. Mimi nilitengeneza fremu nzuri ya kumtosha mtu mwenye miguu mifupi kuliko yangu, nikaikata upya.

Sasa usukani. Usukani wa Cessna una mienendo miwili: unazungushwa kushoto na kulia ili mbawa ziiname, na unasukumwa au kuvutwa ili pua ishuke au ipande. Mwili wa usukani wangu ni bomba la PVC la inchi moja linalopita katika matundu mawili ya plaiwudi. Kazi ya umeme ni kuigeuza miondoko hiyo kuwa namba ambazo kompyuta inazielewa. Potensiometa ya kawaida huzunguka nyuzi 270 hivi. Ukiipa volti 5, mguu wake wa kati unatoa volti kati ya 0 na 5 kulingana na ulipoizungusha, na bodi ya Arduino inaigawa volti hiyo katika hatua 1,024, kuanzia 0 hadi 1,023. Nunua bodi yenye chipu ya ATmega32U4, mfano Leonardo au Pro Micro, kwa sababu hiyo huweza kujitambulisha kwa kompyuta kupitia USB kama kijiti cha kuchezea. Uno ya kawaida haiwezi hivyo moja kwa moja. Mimi nilinunua Uno kwanza, ndiyo maana bodi ilikula siku tatu badala ya mbili: niliiuza kwa hasara.

Kuzungusha hakukunisumbua. Usukani unageuka nyuzi 90 kila upande, jumla 180, na nilipoifunga potensiometa moja kwa moja kwenye mhimili nikapata theluthi mbili ya hatua zote, karibu 680. Zinatosha kabisa. Kusukuma na kuvuta ndiko kulikonitoa jasho. Usukani wangu unasafiri sentimita 15 tu, mbele na nyuma. Nilitengeneza mkono wa plaiwudi wa kugeuza mwendo huo ulionyooka kuwa mzunguko, na mkono ule uliizungusha potensiometa nyuzi 40 tu. Piga hesabu: 40 gawanya kwa 270, zidisha kwa 1,024, unapata hatua 152. Maana yake mwendo wote wa pua, kutoka kupiga mbizi hadi kuelekea mbinguni, ulikuwa na ngazi 152, na marekebisho madogo ya wakati wa kutua yalikuwa yanapita katika ngazi tatu au nne. Ndege ilikuwa inapanda na kushuka kama mtu anayetembea na kiatu kimoja.

Dawa niliipata ufukweni. Nilikuwa nimekaa pale wavuvi wanapotengeneza vyombo, nikamtazama mzee mmoja akikunja mshipi kwenye kibao, zamu baada ya zamu. Mshipi! Nilimwomba mita mbili. Akanipa, akauliza samaki gani anavuliwa ndani ya nyumba. Niliufunga mshipi ncha moja mbele ya bomba na ncha nyingine nyuma yake, katikati nikauzungushia mara mbili kwenye kifuniko cha chupa ya siagi ya karanga kilichobanwa kwenye potensiometa. Kifuniko kina kipenyo cha sentimita 7, kwa hiyo mzingo wake ni sentimita 22. Usukani ukisafiri sentimita 15, kifuniko kinazunguka nyuzi 245. Kutoka hatua 152 nikafika 929, bila kununua chochote. Mhadhiri alituambia katika mihadhara mingi kwamba kihisi hakiwezi kukupa zaidi ya kile ulichokilisha kwa mitambo. Niliandika kwenye daftari, nikajibu kwenye mtihani, na nikaja kulielewa kwa mshipi wa kuvulia changu.

Usukani pia lazima urudi katikati wenyewe ukiuachia. Nilitumia vipande vya tyubu ya baiskeli, viwili mbele na viwili nyuma. Springi za chuma ni nzuri zaidi kwenye video za watu, lakini Mbweni chuma kina adui. Upepo wa bahari unaingia na chumvi yake mpaka ndani ya stoo. Baada ya miezi mitatu hivi namba za potensiometa zilianza kuruka: usukani umetulia, kompyuta inasoma 510, 498, 523, 505. Ndani ya potensiometa kuna kijimguu kinachokwaruza juu ya utepe wa kaboni, na vumbi na unyevu wa chumvi vinaharibu mguso huo.

Kwanza nilijaribu kutibu kwa programu. Nilichukua vipimo vinane vya mwisho na kutuma wastani wake. Mtetemo ulipungua, lakini dawa hii ina gharama. Nilikuwa nasoma kila baada ya milisekunde 10, na wastani wa vipimo vinane huchelewesha habari kwa milisekunde 35 hivi. Ongeza na ucheleweshaji wa kompyuta na wa runinga. Mkono unavuta, pua inachelewa, unavuta zaidi, pua inainuka kupita kiasi, unasukuma, nayo inachelewa tena. Marubani wa ndege za kweli wanaujua ugonjwa huu, rubani na ndege yake wanapopokezana makosa mpaka mmoja aachie. Mara nyingi tiba yake ni kupunguza mikono. Nami nikapunguza vipimo hadi vinne na kutafuta tiba ya kweli, ambayo ni kihisi cha sumaku aina ya 49E. Kihisi hiki hakiguswi na kitu. Kinatoa takriban volti 2.5 kikiwa mbali na sumaku, na volti inapanda au kushuka kadiri sumaku inavyosogea au kugeuka. Nilibandika vipande viwili vya sumaku kando ya mhimili, kihisi kikakaa katikati, nikafunika kila kitu kwa gundi ya silikoni. Huu ni mwezi wa tano na namba hazijaruka. Kama unaishi Makongo Juu huenda usihitaji. Ukiwa Mbweni, Kunduchi, Kigamboni au Mbezi Beach, anza na sumaku.

Chumba kikakamilika, nikawa natua vibaya. Sisemi vibaya kidogo. Kila mara nilipojaribu kutua nilipiga pua chini, nikavunja gurudumu la mbele, skrini ikaniandikia kwamba nimeanguka. Nilifanya hivyo jioni baada ya jioni kwa wiki mbili, na nikaanza kuamini kwamba sina mkono wa urubani. Wakati ule nilikuwa bado natumia skrini ya laptop, sijanunua runinga.

Kosa halikuwa mkononi. Skrini ile ina upana wa sentimita 34.5 na nilikuwa nakaa sentimita 60 kutoka kwake. Chukua nusu ya upana, gawanya kwa umbali, tafuta pembe yenye tanjiti hiyo, zidisha mara mbili: nyuzi 32. Hilo ndilo dirisha halisi mbele ya macho yangu. Programu lakini ilikuwa inachora dunia ya nyuzi 55 na kuibana humo. Ukilinganisha tanjiti za nusu ya pembe hizo mbili, unaona kila kitu katikati ya skrini kilikuwa kinaonekana kimepungua karibu mara 1.8. Njia ya kurukia iliyo mita 100 mbele ilikuwa inaonekana kana kwamba iko mita 180. Kwa hiyo nilijiona bado niko juu na mbali, nikachelewa kuinua pua, na ardhi ikanikuta.

Nilipoisoma habari hii zaidi nikakuta kwamba si ugonjwa wa simuleta peke yake. Rubani aliyezoea njia pana ya kurukia akienda kwenye njia nyembamba hudanganyika namna ileile: wembamba unamwambia yuko juu kuliko alivyo, naye anashuka chini mno. Wanafundishwa jambo hilo, na ndiyo sababu moja ya kuwekwa taa za pembe kando ya njia, nyekundu na nyeupe, zimwambie ukweli ambao macho yake yanakataa. Nikanunua runinga. Upana wake ni karibu sentimita 71. Nilipoiweka sentimita 70 kutoka machoni nikapata nyuzi 54, pungufu ya digrii moja tu kwa ile ya programu. Nilitua salama jaribio la tatu. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba.

Safari yangu ya mazoezi ni ya Dar es Salaam kwenda Unguja. Ni umbali wa kilomita 70 na kidogo, karibu kaskazini moja kwa moja kutoka Uwanja wa Julius Nyerere, na Cessna 172 inauchukua kwa dakika ishirini na kidogo. Njia inapita baharini mbele ya kwetu. Jioni ukikaa ufukweni Mbweni unaziona ndege ndogo za kweli zikifuata mstari huo, na kichekesho chake ni kwamba huko ziendako pia kuna Mbweni, ile ya Unguja, si mbali na Uwanja wa Abeid Amani Karume. Njia ya kurukia ya pale imelala kusini–kaskazini, jambo linalokufundisha upepo kuliko kitabu chochote. Ndege hutua ikiukabili upepo. Wakati wa kaskazi unakuja kutoka Dar, unanyooka, unatua. Wakati wa kusi huwezi kujipeleka hivyo, upepo unakusukuma mgongoni. Inabidi uupite uwanja, uzunguke, urudi ukitazama kusini. Babu zetu walipanga safari za majahazi kwa pepo hizi mbili, na rubani wa leo bado anaziuliza kabla hajachagua upande.

Kushuka kwenyewe kuna hesabu ya kichwani. Mteremko wa kawaida ni nyuzi 3. Chukua mwendo wako juu ya ardhi kwa maili za baharini kwa saa, ambazo marubani huziita noti, zidisha kwa 5, unapata futi za kushuka kila dakika. Kwa noti 65 unashuka kama futi 325. Kusi ikikukabili kwa noti 10, mwendo wako juu ya ardhi unakuwa 55, na unatakiwa kushuka futi 275 tu. Ukisahau kuupunguza unafika chini kabla ya uwanja, na kabla ya uwanja mara nyingi ni minazi.

Sasa nirudi kwa mama mkubwa. Kwao ni Bukoba. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria aina ya ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam ilianguka Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Walikuwamo watu 43, wakafa 19, na wavuvi wakawahi na mitumbwi yao kuwaokoa wengine. Tangu siku hiyo mama mkubwa anakwenda kwao kwa basi, zaidi ya kilomita elfu moja na mia nne, na hataki kubishana na mtu. Kwa miezi yote niliyokuwa nagonga misumari stoo hakuwahi kuja kutazama. Siku moja baada ya chakula cha usiku akaja, akasimama mlangoni.

"Hii ndege yako inafika Bukoba?"

"Shikamoo mama mkubwa. Inafika."

"Marahaba. Nipeleke."

Nilimwekea kiti cha plastiki pembeni yangu, nikachagua asubuhi isiyo na wingu. Tulilizunguka ziwa, nikatua vizuri tu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Weka mawingu na mvua." Sikutaka. Akarudia. Nikaweka. Nilipoingia wingu nilifanya kile ambacho kila anayejifunza hufanya: niliacha kuzitazama saa, nikawa nautafuta uwanja kwa macho. Bawa likainama polepole bila mimi kujua, pua ikashuka, na nilipoiangalia saa ya kimo ilikuwa inakimbia. Nikabonyeza kitufe cha kusimamisha. Picha ikaganda, maji ya ziwa yakiwa yamejaa kioo kizima.

Akauliza, "Na wao kitufe hicho wanacho?"

Nilisema hapana. Alikaa kama dakika moja, akaenda kulala, na mimi sikurusha ndege wiki ile.

Nimelifikiria swali lile mara nyingi, na jibu langu la sasa ni refu kuliko hapana. Niseme kwanza wazi kwamba sijui kurusha ndege. Saa zangu za stoo haziingii kwenye leseni yoyote, na kuna kitu kikubwa ambacho kiti kisichotikisika hakiwezi kukifundisha: sikio la ndani. Ndege ya kweli ikiinama polepole ndani ya wingu, sikio linakuapia kwamba umenyooka. Ukiirekebisha, linakuapia kwamba sasa ndiyo umeinama. Stoo yangu haina uongo huo, kwa hiyo haiwezi kunizoesha kuupuuza. Simuleta kubwa za mashirika ya ndege, kama zilizoko kwenye chuo cha Ethiopian kule Addis Ababa, husimama juu ya miguu sita inayojikunja na kujinyoosha, na hata hizo zinauigiza mwendo kwa hila: zinakulaza nyuma kidogo ili mwili udhani unaongeza kasi.

Lakini kitufe kile hakikuwekwa kwa ajili ya michezo. Mwaka 1929 Edwin Link, Mmarekani aliyekulia katika kiwanda cha baba yake cha vinanda na ogani huko Binghamton, New York, alitengeneza kindege cha mbao kinachoinama kwa mivukuto ya ogani. Mwanzoni wateja wake walikuwa viwanja vya starehe. Watu walilipa kupanda kama bembea. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege wakati wa baridi, marubani wasiozoea kuruka kwa kutazama saa peke yake wakaanza kufa ndani ya mawingu, wengi ndani ya wiki chache. Mwaka huohuo jeshi likanunua vindege sita vya Link. Thamani yake ilikuwa kwamba mkufunzi anaweza kumsimamisha mwanafunzi anapokosea, amuulize saa ipi aliiacha kuitazama, kisha waanze tena. Nilimweleza mama mkubwa haya yote, na vinanda nikamtajia. Alisema, "Basi warudie sana," akaendelea kuchambua mchele.

Tangu hapo nimebadilisha namna ya kufanya mazoezi. Nimeziba nusu ya juu ya runinga kwa boksi, zimebaki saa sita tu za mbele ya rubani, na macho yangu yanazizunguka kwa zamu: mlalo wa ndege, kasi, mlalo, kimo, mlalo, uelekeo. Rafiki yangu wa fizikia hukaa kwenye kile kiti cha plastiki na kusimamisha picha anapotaka yeye, ananiuliza niko kimo gani. Wiki ya kwanza nilikosea mara nyingi kuliko nilivyopatia. Umeme ukikatika katikati ya safari tunahesabu kuwa injini imezimika, tunajadili tungetua wapi.

Pedali bado ni tatizo. Nilizitengeneza kwa bawaba za mlango na zinalia kama bata, na ya kushoto inarudi katikati ikichelewa kwa sababu tyubu yake imechoka. Mwenye pedali mbili za cherehani ya miguu asiyezihitaji anitafute. Nitazifuata mwenyewe, hata kwa nauli ya watu wawili.